Waliopotea: ninavyozipima tafiti za kohoti

Kila Januari, mvua zikishakolea, foleni ya kliniki yetu ya CTC, yaani ya huduma na tiba kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ilikuwa inapungua. Zahanati ilikuwa upande wa Wanging'ombe, na watu wa kule wanaijua sababu: mpunga wa Usangu. Wenye nguvu waliteremka Mbarali kupandikiza, wengine wakabaki huko hadi mavuno, wengine wakapitiliza hadi Chunya kwenye dhahabu. Mimi, nesi wa zamu, nilibaki na rundo la mafaili ya CTC2 ambayo tarehe ya kurudi ilikuwa imepita. Siku zikizidi, niliandika kwenye kila faili neno lile lile: amepotea.

Juni moja tulitoka na mhudumu wa jamii kuwatafuta, kwa pikipiki, orodha mfukoni. Nyumba ya kwanza tulimkuta mwenyewe, mama anaanua mahindi. Alituletea kadi mbili, yetu na ya kituo cha huko Ubaruku. Alikuwa hajakosa dawa hata mwezi mmoja. Nyumba ya pili hatukumkuta tuliyemfuata. Tulimkuta mama yake, amejitanda kanga mbili kwa baridi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu."

Tulipomtaja kijana wake alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tulimzika kabla ya Pasaka. Mlikuwa mnamtafuta wapi siku zote hizo?"

Nilirudi zahanati jioni ile nikafungua mafaili. Mama mwenye kadi mbili na kijana aliyezikwa kabla ya Pasaka walikuwa wameandikwa neno moja, kwa mwandiko mmoja, wangu.

Leo niko Mbeya mjini, nasoma shahada ya uzamili, na kazi yangu kubwa ni mapitio ya kimfumo. Maana yake unachagua swali moja la tiba, unatangaza mapema utakavyolitafutia jibu, unakusanya kila utafiti uliowahi kufanywa juu yake, unaupima mmoja mmoja, ndipo unajumlisha. Swali letu ni la vidonge vya kinga ya kifua kikuu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI: je, wanaovitumia wanakufa wachache zaidi, na ni wachache kiasi gani? Kwa mikoa yetu hili si swali la vitabuni. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016–17, kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kilikuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya.

Tafiti nyingi tunazozisoma ni za kohoti. Unachukua kundi la watu, wengine wana kitu fulani, wengine hawana, unawafuatilia kwa miezi au miaka, unaona nani anapatwa na nini. Siwezi kuzidharau. Watafiti Doll na Hill walipoanza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wanaume 34,439 wa Uingereza, wavutaji wa sigara na wasiovuta, hakukuwa na njia nyingine ya kujua madhara yake. Nani angepangiwa kwa kura, kama kwenye majaribio ya dawa, avute sigara miaka ishirini? Ila katika kohoti watu hujigawa wenyewe, au hugawanywa na maisha, au hugawanywa na nesi. Hapo ndipo kazi ya kupima hatari ya upendeleo inapoanza.

Neno hilo, upendeleo, linatutatiza. Katika Kiswahili cha kila siku mwenye upendeleo ni mtu wa nia mbaya, yule anayempa kazi shemeji yake. Kwenye tafiti si hivyo; mtafiti mwadilifu kabisa anaweza kutoa jibu lililopinda bila kujua. Nikiwaeleza wanaoanza, nawapeleka kwenye viazi. Mkulima wa Isyonje anaijua lumbesa: gunia linajazwa, linaongezewa kilemba juu, linashonwa kamba, na bado linahesabiwa gunia moja, ingawa sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100. Mizani inayotetereka hukosea leo huku, kesho kule, na ukipima mara nyingi makosa yanafutana. Lumbesa haifutiki. Kila gunia linamuumiza mkulima, wala halimuumizi mnunuzi hata siku moja. Ukiuza magunia 10 umepunjwa, ukiuza 1,000 umepunjwa mara mia. Ndiyo maana utafiti wa watu 50,000 haunitishi kwa wingi wake. Nauliza kwanza gunia limefungwaje, kisha nauliza kilemba kimeelemea upande gani.

Nilichelewa sana kulifikia swali hilo la pili.

Tulipoanza, mimi na mwenzangu tulitumia kipimo cha Newcastle-Ottawa, kilichoundwa na watu wa chuo kikuu cha Newcastle cha Australia na cha Ottawa cha Kanada. Ni kipimo cha nyota. Nne za namna watu walivyochaguliwa, mbili za kama makundi yanalinganishika, tatu za matokeo na ufuatiliaji. Jumla tisa. Kinapendwa kwa sababu ni kifupi, na ukimaliza una namba ya kuweka kwenye jedwali. Utaratibu unataka wapimaji wawili, kila mmoja kivyake bila kuchungulia kwa mwenzake, halafu wanakutana. Tulikutana mtaa wa Forest, chumbani kwake, jioni ya baridi ile ya Juni ambayo ukishika kikombe cha chai hutaki kukiachia. Makala ya kwanza: mimi nyota 7, yeye 5.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Tofauti mojawapo ilitoka kwenye waliopotea. Kipimo kinatoa nyota iwapo waliopotea ni wachache, lakini asilimia ya kuhesabiwa "wachache" unaichagua mwenyewe. Kuna nafasi tupu, unajaza. Mimi nilijaza 20, yeye 10. Utafiti ulikuwa katikati. Hakuna aliyekosea, na hakuna aliyekuwa na sababu. Nilipomuuliza kwa nini 10, akaniuliza kwa nini 20, na mimi ambaye niliwahi kupanda pikipiki kumtafuta kijana aliyekwisha kuzikwa sikuwa na jibu.

Basi tuliweka makala pembeni tukachukua karatasi. Tufikirie kliniki yenye watu 1,000. Mwaka unaisha, vifo vilivyoandikwa ni 40, waliopotea ni 200, yaani asilimia 20, kile kiwango changu cha ukarimu. Mtafiti anawaondoa waliopotea, anagawa 40 kwa 800, anaandika: vifo asilimia 5. Inaonekana vizuri. Sasa, mwaka 2009 kulichapishwa mapitio ya tafiti 17 kutoka nchi zenye uwezo mdogo, tafiti ambazo watu walitoka ofisini wakawatafuta wagonjwa waliopotea kwenye huduma za ARV. Katika waliojulikana walikoishia, vifo kwa jumla vilikuwa kama asilimia 40, na kutoka utafiti mmoja hadi mwingine vilianzia 12 vikafika 87. Weka 40 kwenye kliniki yetu: kati ya wale 200, 80 wamekufa. Vifo si 40 tena, ni 120. Si asilimia 5, ni 12.

Nilipoona namba hiyo karatasini nilimkumbuka yule bibi.

Lakini karatasi ileile ilitufundisha jambo la pili. Ukubwa wa upotevu peke yake haukuambii chochote. Kama vifo vilivyoandikwa vingekuwa 400, wale 80 wasingetikisa jibu sana. Unapima waliopotea dhidi ya tukio unalolihesabu, huwapimi kwa asilimia iliyokaa peke yake. Na ukilinganisha makundi mawili, swali zito zaidi ni kama wamepotea kwa sababu zilezile pande zote. Wakulima wanaoshuka Usangu wanapotea kwa sababu wana nguvu. Mgonjwa aliyeshindwa kupanda kilima hadi zahanati anapotea kwa sababu hana. Kama kundi moja limejaa wa kwanza na jingine limejaa wa pili, utafiti utaonyesha tofauti ambayo haipo, au utaificha iliyopo. Nyota moja haiwezi kubeba maelezo hayo. Inasema tu ipo au haipo.

Na ukijumlisha, mambo yanaharibika zaidi. Utafiti uliochagua watu vizuri, ukapima dawa vizuri, ukafuatilia muda wa kutosha, kisha ukapoteza nusu ya watu, utabaki na nyota nyingi za kuvutia. Ni sawa na kusema gari lina taa nzuri, viti vizuri, tairi mpya, ila breki hakuna, kwa hiyo tulipe alama nane kwa kumi, literemke Mlima Nyoka. Miongozo ya Cochrane, taasisi ya mapitio ya tiba iliyoanzishwa mwaka 1993, inashauri kabisa tusitumie vipimo vya kujumlisha alama. Nadhani ni ushauri ambao wanafunzi wengi hapa kwetu hatuambiwi mapema.

Tukahamia ROBINS-I, zana nyingine ya kupima upendeleo, iliyochapishwa mwaka 2016. Ni ndefu, inachosha, na mara ya kwanza ilitula siku mbili kwa makala moja. Ina maeneo saba, na kila eneo lina maswali ya kuongozea ambayo unajibu ndiyo, pengine ndiyo, pengine hapana, hapana, au hakuna taarifa. Hakuna jumla. Eneo moja likiwa baya sana, utafiti wote unabeba ubaya huo. Sitayapitia yote saba. Kilichonibadilisha ni kitu kinachotangulia maswali: unatakiwa kwanza uandike jaribio la kufikirika. Kama ungekuwa na uwezo wote, ungewachukua watu gani, ungewapigia kura ya nini, na saa ingeanza kuhesabu lini? Ukishaliandika, unaisoma kohoti ukiuliza imeachana na jaribio hilo wapi.

"Saa inaanza lini" ni maneno madogo, na kwenye vidonge vya kinga yanafichua kosa ambalo nililipita mara kadhaa bila kuliona. Mtu anapewa isoniazidi, kidonge kimojawapo cha kinga, ya miezi sita. Mtafiti anafungua kumbukumbu, anawagawa watu mafungu mawili: waliomaliza dozi na wasiotumia kabisa. Analinganisha vifo tangu siku ya kujiandikisha kliniki. Waliomaliza wanakufa wachache mno, furaha kubwa. Sasa jiulize: aliyeanza vidonge akafa mwezi wa tatu yuko fungu gani? Hakumaliza. Ametupwa nje, au pengine amesukumwa kwa wasiotumia. Fungu la waliomaliza limepewa miezi sita ambayo ndani yake hakuna mtu anayeweza kufa, kwa sababu angekufa asingekuwa fungu hilo. Wataalamu wanauita muda wa kutokufa. Hata ukiwapa watu vidonge vya unga wa muhogo, waliomaliza miezi sita ya unga wa muhogo wataonekana wamekingwa.

Dawa ya kosa hili ipo na haina gharama: anza saa kwa wote siku waliyostahili kupewa vidonge, na muda wa mtu kabla hajameza uhesabiwe kwenye fungu la wasiotumia. Nikiona makala imefanya hivyo napumua. Nikiona haikufanya hivyo, hata iwe na mahesabu ya kupendeza kiasi gani, naandika kosa kubwa.

Kisha kuna lile la nesi, na hapa najisemea mwenyewe. Kabla ya kumpa mtu vidonge vya kinga tulimuuliza maswali manne: kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho la usiku. Mwenye jibu la ndiyo hakupewa hadi achunguzwe, maana huenda ana kifua kikuu chenyewe. Mnywaji wa pombe sana au mwenye macho ya njano pia tulimwacha, kwa kuliogopea ini lake. Yule ambaye hakurudi kliniki mara mbili tulisita kumpa. Ni huduma sahihi, ningeirudia kesho. Ila tazama inachofanya kwenye utafiti: waliokosa vidonge walikuwa wagonjwa zaidi tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyewapanga hivyo. Mtafiti aje na umri, jinsia na kiwango cha CD4 (chembe za kinga ya mwili) kwenye kompyuta yake, arekebishe hesabu kwa tofauti hizo, aridhike. Lakini nilichokiona usoni mwa mgonjwa nikaamua "huyu bado" hakikuandikwa mahali. Kisichoandikwa hakirekebishiki. (Miezi ambayo stoo iliishiwa vidonge, na wote wakakosa, wazima kwa wagonjwa, ilikuwa mibaya kwa wagonjwa. Mtafiti mwerevu angeweza kujifunza mengi kutokana nayo, na nasikitika hakuna aliyekuja kuuliza.)

Kwa hiyo makosa yote mawili, muda wa kutokufa na mkono wa nesi, yanasukuma upande mmoja: yanavifanya vidonge vionekane bora kuliko vilivyo. Je, basi vidonge havifai? La. Jaribio la Temprano la Ivory Coast liliwagawa watu 2,056 kwa kura, na taarifa yake ya ufuatiliaji wa muda mrefu, ya mwaka 2017, ilionyesha vifo vilipungua kwa asilimia 37 kwa waliopewa isoniazidi. Vidonge vinaokoa. Lakini nikisoma kohoti inayosema vimepunguza vifo kwa asilimia 80, sasa najua ziada hiyo inaweza kuwa kilemba cha lumbesa, na mganga mkuu wa wilaya anayepanga bajeti kwa kutegemea kilemba atakuja kujiuliza kwa nini watu wake bado wanakufa.

Nisionekane nazivunja tu. Kuna kohoti moja ya kwetu ninayoirudia kila ninapotaka kukumbuka kazi nzuri ikoje. Kyela, bonde la joto chini ya milima ya Rungwe, mpunga, kakao, mafuriko na mbu, na kwa hiyo matende na mabusha. Kati ya 2006 na 2011 watafiti wa Mbeya na wenzao wa Munich waliwafuatilia watu wa kule, na mwaka 2016 wakachapisha kwenye jarida la Lancet swali ambalo wengi hawakuwa wamelijibu kwa ufuatiliaji: je, mwenye minyoo ya matende mwilini huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi? Waliokuwa na minyoo walipata maambukizi mapya 1.91 kwa kila watu 100 waliofuatiliwa mwaka mmoja. Wasio nayo, 0.80. Baada ya kurekebisha umri na jinsia, hatari ilikuwa kama mara mbili, 2.17.

Niliwahi kuipima usiku mmoja, peke yangu, bila haja yoyote ya shahada. Minyoo ilijulikana kwa kipimo cha damu. Mtu hakuulizwa kama ana matende, na wengi wenye minyoo hawajijui, kwa hiyo hawakuweza kubadili maisha kwa ajili yake. Waliohesabiwa walianza bila VVU, wakapimwa tena na tena. Watu hawakuchukuliwa kliniki, walichukuliwa majumbani, wazima na wagonjwa pamoja. Kwangu mimi hilo peke yake ni utajiri. Halafu nikafika kwenye sababu ya tatu inayoweza kujificha. Kijiji chenye mbu wengi kinaweza kuwa ndicho kilicho karibu na ziwa, na kilicho karibu na ziwa kinaweza kuwa na soko la samaki, wageni, fedha za haraka na mahusiano ya haraka. Waliliona hilo, wakaingiza mwenendo wa ngono na hali ya maisha kwenye hesabu, na uhusiano ukabaki. Ila mwenendo wa ngono unapimwa kwa kuuliza, na mimi nimeuliza maswali hayo miaka mingi. Mama mtu mzima akiulizwa na kijana mwenye daftari ana wapenzi wangapi, atajibu kwa heshima yake. Kwa hiyo niliandika: kuna mabaki ya mvurugo, yaani athari ya sababu ya tatu ambayo marekebisho hayakuifuta. Upande gani? Kama waliodanganya wamegawanyika sawa kati ya wenye minyoo na wasio nayo, marekebisho hayakukamilika, na kama wenye minyoo kweli ndio wenye mahusiano mengi zaidi, 2.17 imezidi kidogo. Kwamba imezidi kiasi kwamba jibu la kweli ni moja, yaani hakuna tofauti, sioni namna. Ndivyo nilivyoandika na bado nasimamia hapo.

Baada ya usiku ule nilimpigia mwenzangu nikamwambia, dada, jedwali letu linahitaji safu moja zaidi. Sasa lina safu inayoitwa "upande". Kila eneo tunalolipa kosa, tunaandika kwa sentensi kamili kosa linasukuma jibu kwenda wapi na kwa nini tunadhani hivyo. Ni kazi. Mara nyingine tunaandika "hatujui", na kuandika hivyo kunauma. Lakini ubishi wetu umebadilika. Hatugombanii tena nyota, tunagombania watu. Juzi tulikaa saa nzima juu ya sentensi moja kwenye makala moja: "wagonjwa waliopotea waliondolewa kwenye uchambuzi." Zamani ningeipita. Waliopotea upande wa waliopewa vidonge walikuwa wachache, upande mwingine wengi, na makala haikusema neno lingine juu yao.

Tukawaandikia waandishi barua pepe, kwa upole, tukieleza sisi ni akina nani na tunataka nini. Wiki ya tatu akajibu mmoja. Anasema waliopotea walitafutwa; wahudumu wa jamii walizunguka vijijini, daftari lao lipo, liko kabatini, halikuwahi kuingizwa kwenye kompyuta kwa sababu mradi uliisha. Tumemwomba atuhesabie mambo matatu tu, kwa kila kundi: wangapi walikutwa hai nyumbani, wangapi walikuwa wamehamia kituo kingine, wangapi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Majina hatuyahitaji. Ameomba wiki mbili.